Kobori Enshu

Kobori Enshu (1579 – 12 Machi 1647) alikuwa mtawala wa kikabaila, msimamizi wa ujenzi, bingwa wa sherehe ya chai na mbunifu wa bustani nchini Japani. Anakumbukwa hasa kwa bustani zenye visiwa vinavyowakilisha makao ya watu wasiokufa.

Maisha

Alizaliwa katika jimbo la Omi, leo mkoa wa Shiga. Jina lake lilikuwa Masakazu; Enshu ni jina lingine la jimbo la Totomi, ambalo cheo chake cha heshima cha mwaka 1608 kilitokana nalo, baada ya kazi yake kwenye ngome ya Sunpu. Kuanzia mwaka 1623 hadi kifo chake alisimamia mji wa Fushimi, karibu na Kyoto.

Mambo ya chai alifundishwa na Furuta Oribe. Mwaka 1615 mwalimu huyo aliamriwa na serikali ya Tokugawa ajiue kwa kushukiwa uhaini. Enshu aliendelea kuitumikia serikali ileile, hata akawa mwalimu wa chai wa shogun wa tatu, Tokugawa Iemitsu. Inafaa kulikumbuka hilo mtu anapotazama bustani zake: katika mazingira hayo, kumtakia mkubwa maisha marefu hakukuwa pambo tu.

Visiwa vya uzima

Hadithi za kale za China zilisimulia kwamba katika bahari ya mashariki kuna visiwa vya watu wasiozeeka, vilivyobebwa na kasa wakubwa. Kisiwa mashuhuri kati ya hivyo Wajapani wanakiita Horai. Korongo husemwa kuishi miaka 1,000, na kasa miaka 10,000. Ndiyo maana wanyama hao wawili huonekana pamoja bustanini.

Katika ngome ya Nijo mjini Kyoto, bustani ilitengenezwa upya chini ya Enshu kwa ajili ya ziara ya Mfalme Mkuu Go-Mizunoo mwaka 1626. Katikati ya bwawa kipo kisiwa cha Horai, pamoja na visiwa vya korongo na kasa.

Bustani ya Konchi-in, iliyokamilika mwaka 1632, haina maji. Changarawe nyeupe ndiyo bahari. Kulia yapo mawe ya korongo, jiwe refu lililolala likiwa shingo yake. Kushoto yupo kasa, na mgongoni pake umeota mti mkongwe uliopindika, wa jamii ya mtarakwa. Kati yao kuna jiwe pana la kusalia, kuelekea hekalu la Tokugawa Ieyasu. Aliyeiagiza, mtawa Ishin Suden, alifariki mwaka uliofuata.

Bustani nyingi nyingine hutajwa kuwa zake, ikiwemo ile ya Katsura, lakini wataalamu wengi wa leo hawakubali. Konchi-in ina ushahidi wa maandishi ya wakati wake.

Enshu alizikwa Koho-an, katika eneo la hekalu la Daitoku-ji. Koho-an iliteketea kwa moto mwaka 1793, kisha ikajengwa upya.