Mwariama: Shujaa wa Meru ambaye jeshi lake lilijishonea mavazi msituni

MAJINA ya viongozi wa vita vya Mau Mau yanapotajwa, wengi hukumbuka kwanza Dedan Kimathi, aliyenaswa Oktoba 21, 1956 akiwa amevalia ngozi ya chui, kisha akanyongwa Februari 18, 1957. Upande wa Meru, jina linalotangulia ni la Musa Mwariama, kiongozi wa cheo cha juu zaidi aliyemaliza vita hivyo bila kuuawa wala kukamatwa.

Mwariama alizaliwa Tigania mwaka wa 1928. Wakati huo utawala wa Waingereza ulikuwa haujakaa sana katika eneo hilo. Kituo cha serikali cha Meru kilianzishwa mwaka wa 1908, miaka miwili baada ya majeshi ya kikoloni kuitiisha Embu.

Wazee waliomlea kijana huyo walikumbuka enzi ambapo kila boma lilijivika lenyewe. Ngozi ya mbuzi ilikwanguliwa, ikalainishwa kwa mafuta ya mbarika na kushonwa kwa mkono. Kisha ikaja kodi ya nyumba, iliyowalazimu watu kutafuta fedha. Maduka nayo yakaleta amerikani na blanketi kutoka ng'ambo. Katika kizazi kimoja tu, vazi la ngozi likageuka kuwa alama ya ushamba.

Serikali ilitangaza hali ya hatari Oktoba 20, 1952. Mwariama alikuwa miongoni mwa vijana walioingia msituni, akapanda hadi cheo cha Field Marshal na kuongoza wapiganaji wa Meru katika msitu wa Mlima Kenya.

Mwanzoni, jeshi hilo lilitegemea vijiji. Akina mama walipeleka chakula, dawa na nguo kwa siri, na makoti makuukuu ya kijeshi yalithaminiwa kupita kiasi. Kuanzia mwaka wa 1954 njia hiyo ilizibwa. Zaidi ya watu milioni moja wa jamii za Wakikuyu, Waembu na Wameru walihamishiwa katika vijiji vilivyolindwa, na raia wakalazimishwa kuchimba mtaro mrefu pembezoni mwa msitu. Ndege za kivita nazo zilidondosha mabomu milimani.

Nguo zilichakaa na hakuna aliyeleta nyingine. Mlima Kenya una urefu wa mita 5,199, na usiku baridi yake huweza kuua mtu asiyejifunika vyema. Hapo ndipo ufundi uliokuwa umedharauliwa ulipofufuliwa.

Mnyama aliyenaswa kwa mtego wa waya hakuliwa nyama tu. Ngozi ya pongo au paa ilianikwa, ikakwanguliwa na kusuguliwa hadi ikalainika, kisha ikashonwa kuwa koti, suruali, kofia au mkoba. Miongoni mwa wapiganaji walikuwamo mafundi waliotambuliwa kwa kazi hiyo, sawa na wale waliounda bunduki kwa mabomba ya maji na vipande vya mbao.

Maisha hayo hayakuwa ya anasa. Ngozi ambayo haikuiva vizuri ilinuka, ikakakamaa iliponyeshewa, na chawa walijificha kwenye mishono. Wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Hata hivyo, vazi hilo lilistahimili miiba kuliko kitambaa na lilifanana na rangi za msitu.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 12, 1963, Mwariama alikuwa angali huru. Picha mashuhuri ya wakati huo inamwonyesha pamoja na Mzee Jomo Kenyatta, nywele zake zikiwa ndefu zilizosokotana. Serikali mpya ilikuwa ya watu wa suti na tai, na wapiganaji waliotoka msituni walikuta nafasi yao ni finyu. Mwenzake wa Meru, Baimungi Marete, hakuridhika na jinsi ardhi ilivyogawanywa. Aliuawa na majeshi ya serikali Januari 1965. Mwariama alirejea Meru, akaishi huko hadi alipofariki mwaka wa 1989.

Taifa huru lilijaribu kujivika. Pamba ilipandwa katika nyanda za chini za Tharaka na Mbeere, na viwanda vya nguo vikajengwa Kisumu, Eldoret na kwingineko. Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, mitumba ilifurika, viwanda vingi vikafungwa na wakulima wengi wakaacha pamba. Ngozi nayo, kwa sehemu kubwa, huuzwa nje kabla ya kukamilishwa, huku viatu vikiagizwa kutoka ng'ambo. Fundi wa akala, anayekata magurudumu makuukuu kuwa ndala, ni miongoni mwa wachache waliobaki wakiendeleza kazi ya kutumia kilichopo.

Mwariama alizikwa wakati Mau Mau ingali kundi lililopigwa marufuku kisheria. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka wa 2003. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa fidia waathiriwa 5,228 wa mateso ya enzi hizo. Hakuna fidia iliyotajwa kwa ajili ya ufundi uliopotea, na jukumu la kuurejesha limebaki mikononi mwa Wakenya wenyewe.