Abu Zayd al-Balkhi na maradhi ya nafsi

Ndugu Waislamu, katika jamii zetu maradhi ya mwili hutangazwa ili mgonjwa aombewe dua, lakini maradhi ya nafsi hufichwa. Mgonjwa huambiwa kuwa imani yake ni dhaifu, au kwamba amepagawa na jini, na miaka hupita kabla hajafikishwa kwa daktari. Ni vyema basi tukamkumbuka mwanachuoni aliyelitazama jambo hili kwa jicho jingine zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Abu Zayd Ahmad bin Sahl al-Balkhi alizaliwa yapata mwaka 850 Miladia katika kijiji cha Shamistiyan, karibu na mji wa Balkh, katika nchi ambayo leo ni Afghanistan. Baba yake alikuwa mwalimu wa watoto. Akiwa kijana alisafiri hadi Iraq, akakaa huko takriban miaka minane, akasoma kwa mwanafalsafa al-Kindi. Aliporejea kwao aliandika vitabu vinavyokadiriwa kuwa 60, na akapata sifa kwa ramani zake. Inasimuliwa kwamba alipoitwa na mtawala Bukhara, aliomba radhi kwa kuhofia kuvuka mto Jayhun.

Kitabu chake cha tiba kinaitwa Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani Maslahi ya Miili na Nafsi. Sehemu ya kwanza inahusu mwili: makazi, maji, chakula, usingizi na mazoezi. Sehemu ya pili inahusu nafsi. Aliwalaumu matabibu waliotibu mwili pekee, ilhali hakuna mwanadamu anayesalimika na maudhi ya nafsi. Maudhi hayo aliyagawa mafungu manne: ghadhabu, huzuni, fazaa na wasiwasi. Maneno yote manne tunayo katika Kiswahili chetu.

Huzuni aliipambanua. Ipo yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali. Hiyo hutibiwa kwa nasaha na kwa kuizoeza nafsi fikra njema. Ipo pia inayomjia mtu bila sababu, nayo aliihusisha na mwili, hivyo ikahitaji tiba ya mwili pia. Kuhusu wasiwasi, alieleza kuwa wapo wanaozaliwa na maumbile yenye mwelekeo huo, akawausia kuepuka upweke. Mwenye afya alimshauri aweke akiba ya fikra njema, kama dawa zinavyowekwa nyumbani kabla ya maradhi.

Alifariki mwaka 934, sawa na 322 Hijria. Mswada wake ulihifadhiwa Istanbul, ukachapishwa Ujerumani mwaka 1984. Mwaka 2013 Profesa Malik Badri alitoa tafsiri ya Kiingereza ya sehemu ya nafsi. Utafiti wa leo hautumii tena elimu ya mwili ya zama zake, lakini unathibitisha kwamba maradhi haya yana sehemu ya kurithiwa na sehemu inayotokana na maisha, na kwamba dawa, mazungumzo na msaada wa familia husaidiana.

Nabii Yaakub (A.S.) alihuzunika mpaka macho yake yakapofuka, wala hakuna Mwislamu anayeitilia shaka imani yake. Kwa nini basi tumtilie shaka ndugu yetu anayeugua? Tumwombee dua, na tumpeleke hospitali.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abu Zayd na awaponye wagonjwa wetu. Amin.