Ben Hogan: mtoto wa mhunzi aliyejifunza kutembea upya

Hapa kwetu Lamu gofu ni mchezo wa kusikia tu. Anayeutaka hufunga safari mpaka Malindi, Vipingo, Nyali au Diani. Lakini yuko mchezaji mmoja wa gofu, sasa ni marehemu, ambaye maisha yake yanatuhusu, hasa nyumba zile zenye kijana aliyeanguka na bodaboda au mzee aliyevunjika nyonga, na watu wa nyumbani wameshakata tamaa.

Ben Hogan alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1912. Baba yake alikuwa mhunzi. Mwaka 1922 baba huyo alijiua kwa bastola, Ben akiwa na umri wa miaka 9, na familia ikabaki na dhiki. Mtoto akauza magazeti, kisha akawa mbeba mifuko ya wachezaji kwenye uwanja wa gofu mjini Fort Worth. Huko ndiko alikojifunzia mchezo.

Alianza kucheza kwa kulipwa mwaka 1930, na kwa miaka mingi hakupata kitu. Mpira wake ulikuwa ukipinda kushoto na kumharibia mashindano. Mwili wake nao ulikuwa mdogo, hana kifua wala mikono ya kutisha. Dawa yake ilikuwa mazoezi: kutwa nzima anapiga mipira, kesho anarudi palepale. Ushindi wake wa kwanza akiwa peke yake ulikuja mwaka 1940, na kufikia 1948 alikuwa ameshatwaa vikombe vikuu 3.

Tarehe 2 Februari 1949 alikuwa njiani kurudi nyumbani na mkewe Valerie. Kulikuwa na ukungu. Basi la abiria lililokuwa likilipita lori likawajia uso kwa uso. Hogan alijirusha upande wa mkewe ili amkinge, na kitendo hicho ndicho kilichomwokoa mwenyewe, kwani usukani ulipenya mpaka kwenye kiti alichokuwa amekalia. Nyonga ilivunjika, pia mtulinga na kifundo cha mguu wa kushoto. Kisha damu ikaganda, na madaktari wakalazimika kuufunga mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguuni. Ilihofiwa hatatembea tena, seuze kucheza gofu.

Alikaa hospitali karibu miezi 2. Akiwa kitandani alikuwa akiminya mipira ya raba ili viganja visilegee. Aliporudi nyumbani alianza kuzunguka chumba, siku nyingine akazidisha mizunguko, halafu akatoka barabarani. Miguu ikivimba, hupumzika. Kesho huanza tena. Alikuwa akiilowesha katika maji ya moto yenye chumvi ya haluli, na kabla ya kucheza akiifunga bandeji kutoka vifundoni mpaka mapajani.

Juni 1950, miezi 16 tu baada ya ajali, alishiriki US Open uwanja wa Merion. Siku ya mwisho wachezaji walitakiwa kumaliza mashimo 36, mwendo wa zaidi ya kilomita 12, kama mtu wa hapa mjini kwenda Shela na kurudi mara mbili. Miguu ilimuuma hata akikaribia kusimama. Alimaliza akiwa sawa na wenzake wawili, Lloyd Mangrum na George Fazio. Kesho yake wakarudiana, na Hogan akashinda.

Mwaka 1953 alishinda Masters, US Open na The Open kule Carnoustie, Scotland. Vikombe vikuu vyake vilifika 9, na 6 kati ya hivyo alivipata baada ya ajali. Mwaka 1957 alitoa kitabu cha mafunzo ambacho wachezaji wanakisoma hadi leo. Alifariki tarehe 25 Julai 1997.

Anayedhani nguvu ya gofu iko mikononi na awatazame mabaharia wetu wakivuta tanga: nguvu hutoka miguuni, ikapita kiunoni, ndipo ikafika mikononi. Ndiyo maana Hogan alianza na kutembea. Kijana wa Pwani anayetaka kucheza vizuri hahitaji mashine za bei. Mchanga wa Shela upo, na kutembea juu yake asubuhi kunaimarisha mapaja na vifundo bure.

Na kwa wenye mgonjwa ndani: muulizeni daktari ni lini anaruhusiwa kusimama, na siku hiyo ikifika msimbakishe kitandani kwa huruma. Mshikeni mkono azunguke ua mara moja, kesho mara mbili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na mtoto huyu wa mhunzi alilithibitisha hilo kwa miguu yake mwenyewe.