Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere na Deni la Misitu

Kila ifikapo Oktoba 14 Taifa letu humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, nasi huungana katika sala. Siku hiyo hunenwa mengi juu ya uhuru, umoja na lugha yetu. Juu ya miti hunenwa kidogo mno. Safari hii tumeona vema tuyasimulie maisha yake kwa upande huo, kwa sababu sehemu yake yatuhusu sisi wa Tabora na jirani zetu wa Shinyanga, na kwa sababu ndani yake limo kosa kubwa na limo pia tendo la kulirekebisha.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito Nyerere wa Wazanaki na wa Mama Mugaya. Utotoni alichunga mifugo kama watoto wengine wa kijiji. Hapo Butiama upo msitu wa Muhunda, ambao Wazanaki waliuheshimu kwa mila zao na hawakuruhusu mtu kuukata ovyo. Hatuna haja ya kuzikubali imani zote zilizouzunguka msitu huo ili kutambua kwamba mtoto aliyekulia kando yake alijua mapema kuwa ipo miti isiyoguswa.

Mwaka 1934 alianza shule ya Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaja Tabora katika shule ya serikali ya wavulana. Mji aliouona ulikuwa bado na alama za njia ya misafara: miembe mikongwe iliyoachwa na wapagazi na wafanyabiashara waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Kuizunguka Tabora kila upande ilikuwa miombo, mininga na mitundu kwa maili nyingi, nchi ya asali na nta, nchi ya mbung'o pia. Katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha watu wengi wa magharibi na kuwakusanya mahali pamoja ili kuwaepusha na malale. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, maana litarudi.

Alibatizwa Desemba 23, 1943, akachukua jina la Julius, akiwa mwanafunzi wa Makerere. Mwaka 1946 alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, chini ya Mapadre Weupe. Padre Richard Walsh, mkuu wa shule, ndiye aliyemsaidia kupata njia ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Somo mojawapo alilolifundisha hapa lilikuwa biolojia. Wengi wetu tunamjua Mwalimu wa siasa, wala hatukumbuki kwamba wavulana wa Tabora walijifunza kwake habari za mmea na udongo. Aliporudi kutoka Ulaya mwaka 1952 alifyatua matofali na kujenga nyumba kwa mikono yake kijijini, kisha akafunga ndoa na Mama Maria mwaka uliofuata.

Ya uhuru yajulikana, tutayapita. Septemba 1961, hata kabla ya bendera kupandishwa, alitoa Arusha tamko la kuahidi kuwalinda wanyamapori na makazi yao kama amana kwa vizazi vijavyo.

Tunafika sasa mahali pagumu. Mwishoni mwa mwaka 1973 iliamriwa kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wakulima wote wawe wanaishi katika vijiji. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji visingeweza kumfikia kila mtu porini. Lakini mamilioni walihamishwa kwa haraka, na wengine kwa nguvu. Watu wengi walipokusanywa mahali pamoja, kuni na nguzo za nyumba zilikatwa palepale karibu, mwaka hata mwaka, mpaka ardhi ikabaki uchi.

Hasara nyingine haikuonekana upesi. Wasukuma, na Wanyamwezi wengi pia, walikuwa na ngitili. Mvua zinapoanza, familia au kijiji hufunga sehemu ya malisho, mifugo isiingie. Nyasi hukua, vichipukizi vya migunga hupata nafasi ya kuwa miti. Kiangazi kinapokaza, ngitili hufunguliwa, nao ng'ombe wanakula wakati kwingine kumekauka. Hakuna seng'enge wala mashine. Kinachohitajika ni mwenye ngitili kuwa karibu, na jirani kumheshimu. Watu walipohamishwa, wenye ngitili wakawa mbali, na heshima ile ikavunjika. Si vijiji peke yake vilivyoiharibu Shinyanga, kusema kweli. Wakoloni walikuwa wamefyeka pori kwa ajili ya kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yaliongezeka, na mifugo pia. Lakini vijiji vilikuwa pigo la mwisho.

Mwalimu aliitembelea Shinyanga katikati ya miaka ya 1980, akasikitishwa na alichokiona, akaagiza ardhi ile iokolewe. Mwaka 1986, alipokuwa ameshang'atuka urais, ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni wataalamu walisisitiza vitalu na miche. Kilichofaulu zaidi kilikuwa kuwarudishia watu ngitili zao na kuwaacha walinde wenyewe kwa mikutano yao ya jadi na sungusungu. Mwaka 1986 zilikuwa zimebaki hekta zipatazo 600 tu zilizoandikwa. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilizidi 300,000.

Yeye mwenyewe alirudi Butiama. Alilima kwa jembe asubuhi, alihudhuria Misa, alitafsiri Maandiko. Jimbo la Musoma limeanzisha mchakato wa kumtangaza mtakatifu, na wapo wanaoona kwamba mambo ya vijiji yasitajwe wakati huu. Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliyekubali kuitazama ardhi iliyoharibiwa wakati wa uongozi wake, na kuagiza itengenezwe, hapungukiwi kitu akisimuliwa yote.

Alifariki London Oktoba 14, 1999, akazikwa Butiama. Huku kwetu, mabani ya tumbaku yangali yanakula magogo ya miombo kila msimu, na warina asali wengine wangali wanabambua miti magome ili watengeneze mizinga. Lakini anayesafiri kutoka Nzega kwenda Shinyanga mwezi wa Septemba ataona, katikati ya nchi kavu, vipande vya pori la migunga vikiwa na nyasi ndefu za kimanjano, na wachungaji wakisubiri siku ya kufunguliwa.