Anguko la Uria Simango na Onyesho la Nachingwea, 1975

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Mei 1975, katika kambi ya FRELIMO huko Nachingwea, mkoani Lindi, mtu wa umri wa miaka 49 alisimama mbele ya umati wa maelfu akasoma maandishi ya kurasa zipatazo ishirini. Maandishi hayo yalimshutumu msomaji wake mwenyewe. Mtu huyo alikuwa Mchungaji Uria Timoteo Simango, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa chama kilichomshitaki. Makala haya yanayaeleza maisha yake yakiitazama zaidi siku hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyompa sura ambayo wengi walimkumbuka nayo kwa miaka mingi, na kwa kuwa siku yenyewe iliandaliwa kama mchezo wa jukwaani unavyoandaliwa.

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika kitabu chao cha mwaka 1976, waliieleza sanaa ya maonyesho kuwa ni jambo lenye dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Nachingwea yote manne yalikuwapo. Kilikuwapo pia kitu cha tano ambacho wahakiki hukiita tashtiti, yaani kumwonyesha mkubwa akiwa amevuliwa ukubwa wake ili hadhira imcheke au imzomee. Linalosumbua ni kwamba mtendaji hakuwa akimwigiza mtu mwingine.

2.0 Kutoka Mimbarini hadi Dar es Salaam

Simango alizaliwa mwaka 1926 katika sehemu za Sofala, katikati ya Msumbiji, miongoni mwa Wandau. Alisomea uchungaji, akalitumikia kanisa la Kiprotestanti, na baadaye akaishi Rhodesia ya Kusini, ambako Wamsumbiji wengi walikuwa wamekwenda kutafuta kazi. Huko ndiko kilikozaliwa chama cha UDENAMO mwaka 1960, naye akawa mmoja wa watu wake. Chama hicho kilihamia Dar es Salaam, na tarehe 25 Juni 1962 kikaungana na MANU na UNAMI kuunda FRELIMO. Eduardo Mondlane, msomi aliyekuwa amefanya kazi Umoja wa Mataifa na kufundisha katika chuo kikuu nchini Marekani, alichaguliwa kuwa Rais. Simango akawa makamu wake.

Yafaa uchungaji wake uzingatiwe, ingawa wanahistoria wa vita huutaja kwa neno moja tu na kupita. Mhubiri ni mtu aliyezoea kusimama peke yake mbele ya watu na kusoma maandiko ambayo si yake, kisha akayafanya yasikike kana kwamba yametoka moyoni mwake. Pia amezoea ibada ambamo mkosaji huungama mbele ya wenzake ili apokelewe tena. Stadi hizo mbili, kusoma na kuungama, ndizo alizodaiwa mwaka 1975, ila safari hiyo hapakuwa na kupokelewa tena.

Vita vya ukombozi vilianza tarehe 25 Septemba 1964. Katika miaka iliyofuata kambi kuu ya mafunzo ilikuwa Nachingwea, mahali palipokuwa pameshashuhudia anguko la namna nyingine. Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Bandari ya Mtwara ikajengwa na reli ikavutwa hadi Nachingwea. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na katika miaka ya mwanzo ya uhuru hata reli ikafungwa. Yaliyobaki ni mashamba makubwa yaliyojulikana kwa namba zao. Kambi ya wapiganaji iliwekwa katika mojawapo, lile ambalo wenyeji huliita Farm 17 mpaka leo. Hivyo uwanja wa onyesho la 1975 ulikuwa umefyekwa na watu wengine, kwa ajili ya mchezo mwingine ambao nao ulikwisha kwa aibu.

3.0 Mwaka 1969

Mondlane aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Kwa kawaida ya vyama, makamu angeshika nafasi. Haikuwa hivyo. Mwezi Aprili Kamati Kuu iliunda Baraza la Urais la watu watatu: Simango, Samora Machel aliyekuwa mkuu wa jeshi, na Marcelino dos Santos. Mtu aliyekuwa wa pili kwa miaka saba alijikuta akiwa theluthi moja ya uongozi, huku nguvu halisi ikiwa mikononi mwa aliyeamuru bunduki.

Mgogoro ulikuwa umeanza kabla ya hapo. Mwaka 1968 wanafunzi wa Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam waligoma, na ofisi ya chama ikavamiwa. Katika jimbo la Cabo Delgado, Lazaro Nkavandame, kiongozi wa Wamakonde aliyejijengea jina katika vyama vya ushirika, aligombana na makamanda wa jeshi. Mwezi Desemba 1968 Paulo Samuel Kankhomba, mmoja wa wakuu wa jeshi, aliuawa alipokuwa akivuka Ruvuma, na lawama zikawaangukia wafuasi wa Nkavandame. Mwaka uliofuata Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno. Kulikuwa na hoja za kweli ndani ya ugomvi huu: nani awe adui, mkoloni au mzungu, biashara katika maeneo yaliyokombolewa iwe ya nani, watu wa kusini wametwaa madaraka au hawakuyatwaa. Ni kosa kuzifuta hoja hizo kwa sababu tu waliozishikilia walishindwa.

Novemba 1969 Simango alitoa kijitabu kwa Kiingereza akieleza hali ya kiza ndani ya FRELIMO na kuwashutumu viongozi wenzake kwa ubaguzi wa kimaeneo na kwa mauaji ndani ya chama. Kijitabu hicho ndicho andiko lake linalojulikana zaidi miongoni mwa yale yaliyotoka mkononi mwake kwa hiari. Mara moja alisimamishwa uongozi, na mwaka 1970 akafukuzwa chamani. Samora Machel akawa Rais, dos Santos makamu. Serikali ya Tanzania, iliyokuwa mwenyeji wa wote, haikumtaka tena. Alikwenda Misri, na baadaye akajiunga na COREMO, chama kidogo kilichokuwa na makao Lusaka.

4.0 Onyesho

Mapinduzi ya Lisbon ya tarehe 25 Aprili 1974 yalimrudisha nyumbani. Akiwa Beira alishiriki kuunda chama cha muungano kilichodai kuwe na uchaguzi kabla ya uhuru. Tarehe 7 Septemba 1974 Ureno na FRELIMO zilitia sahihi makubaliano ya Lusaka, na siku hiyohiyo walowezi wenye hasira waliteka kituo cha redio Lourenço Marques. Simango alionekana pamoja nao. Hapa hata anayemtetea hana budi kusita. Kusimama na walowezi waliokuwa wakipinga uhuru wa haraka kulimpa mshitaki wake nusu ya mashitaka. Uasi ulipozimwa alikwenda Malawi, akakamatwa huko, akakabidhiwa kwa FRELIMO na kuletwa Nachingwea.

Katika miezi ya Machi hadi Mei 1975 wafungwa wengi wa kisiasa walionyeshwa hapo mbele ya wapiganaji. Samora Machel ndiye aliyeongoza. Wote waliowahi kumsikiliza wanakubaliana kwamba alikuwa msanii mkubwa wa jukwaa: aliiga sauti, alitania, aliuliza maswali akaidai hadhira ijibu, alianzisha nyimbo katikati ya hotuba. Mikutano ya FRELIMO ilikuwa na muundo wa kiitikio. Kiongozi alitaja jina na umati ukaitikia kwa kulitukuza au kulilaani. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ataona hapa fanani na hadhira wakiwa katika uhusiano unaofanana sana na ule wa ngoma.

Uwanda wa kusini una jadi ndefu ya kejeli ya hadharani. Katika beni, vikundi vilivyovaa sare na kujipa vyeo vya kijeshi vilipigana vijembe kwa nyimbo. Katika mapiko ya Wamakonde, mchezaji aliyejifunika kinyago huwaiga na kuwadhihaki wenye nguvu, awe mkoloni au mwenyeji aliyejikweza. Wakati wa vita, nyimbo za kumdhihaki Nkavandame kama msaliti ziliimbwa na wapiganaji. Haya yote yangeweza kumfanya mchambuzi aseme kwamba onyesho la Nachingwea ni tawi la mti huohuo.

Tofauti, hata hivyo, ni ya msingi. Katika mapiko kinyago kinamlinda kila mmoja. Mchezaji hajulikani, anayedhihakiwa hayupo uwanjani kwa mwili wake, na ngoma ikiisha kinyago huvuliwa. Nachingwea aliyedhihakiwa ndiye aliyekuwa mtendaji. Simango aliwekwa amwigize Simango, msaliti aliyejiuza kwa adui, kwa maneno ambayo ni vigumu kuamini kuwa yalikuwa hiari yake. Hakuwa na kinyago cha kuvua. Tashtiti huhitaji umbali kati ya mtu na mhusika, na umbali huo ndio ulioondolewa.

Lipo pia suala la wahusika. Jukwaani walipangwa pamoja watu ambao maishani hawakuwa wa upande mmoja. Nkavandame alikuwa mkuu wa ushirika kutoka kaskazini. Joana Simeão alikuwa mwanasiasa aliyesoma Ulaya, ambaye harakati zake ziliendeshwa chini ya uvumilivu wa serikali ya Kireno. Simango alikuwa mwasisi wa chama chenyewe. Onyesho liliwafanya wote kuwa wahusika bapa wa aina moja, yaani wasaliti, na historia zao zikapotea ndani ya jina hilo. Mwandishi wa tamthilia anaruhusiwa kufanya hivyo kwa wahusika aliowabuni. Hawa walikuwa hai.

Kwa wakazi wa Nachingwea na Ruangwa, wengi wao Wamwera, mfano wa kulinganisha uko karibu. Wamwera walikuwamo katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905, na ni vita hivyo alivyovitumia Ebrahim Hussein kuandika Kinjeketile, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, mwaka uleule wa kuanguka kwa Simango. Mwishoni mwa tamthilia hiyo Kinjeketile yumo mikononi mwa Wajerumani nao wanamtaka atangaze kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuhofia neno ambalo watoto wa baadaye watarithishwa. Ukiyaweka matukio mawili pamoja ni rahisi kumhukumu Simango kuwa alishindwa pale Kinjeketile aliposhinda. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kinjeketile wa jukwaani analindwa na mtunzi wake, naye anajua kuwa nje ya gereza wako watu wa kulipokea neno lake. Simango, akiwa mbele ya hadhira ya washindi wiki sita kabla ya uhuru, hakuwa na mtu wa upande wake uwanjani, na maisha yake na ya wenzake yalitegemea jinsi atakavyosoma. Huenda alidhani kwamba kuungama kungemnunulia uhai. Mchungaji angeweza kudhani hivyo.

Jambo moja zaidi lastahili kutajwa. Onyesho hili lilifanyika katika ardhi ya Tanzania, na waliolifanya hawakuwa bado serikali. Chama kiliwahukumu watu bila mahakama ya nchi mwenyeji na bila mahakama ya nchi yao, ambayo ilikuwa haijazaliwa. Tanzania ilibeba mzigo mkubwa wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na heshima hiyo haipunguzwi na ukweli huu. Lakini ukweli huu nao haufutwi na heshima hiyo.

5.0 Baada ya onyesho

Mwishoni mwa Mei 1975 Samora Machel aliondoka Nachingwea kuanza ziara yake ya ushindi kutoka Ruvuma hadi mji mkuu, na tarehe 25 Juni uhuru ukatangazwa. Wafungwa walivushwa mpaka na kupelekwa kambi ya M'telela, katika jimbo la Niassa. Inaaminika kwamba Simango, Nkavandame, Simeão na wengine waliuawa huko mwaka 1977. Hapakuwa na kesi, wala tangazo, wala kaburi lililoonyeshwa. Kuungama kwao kulisomwa mbele ya maelfu, lakini vifo vyao havikutangazwa kwa mtu yeyote. Celina Simango, mkewe, aliuawa miaka michache baadaye.

Katika maandishi rasmi ya Msumbiji jina la Simango lilibaki kama lilivyoachwa siku ile ya Mei, hadi mfumo wa vyama vingi ulipoanza katika miaka ya 1990 na watu wakaanza kuuliza wafungwa wa M'telela waliishia wapi. Baadaye Barnabé Lucas Ncomo akatoa wasifu mrefu unaomtetea. Wasifu huo nao unaegemea upande wake kwa nguvu, na msomaji hana budi kuupima kama alivyopaswa kuyapima maandishi yaliyosomwa Nachingwea. Mwanawe, Daviz Simango, alichaguliwa kuwa meya wa Beira mwaka 2003, akaanzisha chama cha MDM mwaka 2009, akafa mwezi Februari 2021 akiwa bado meya wa mji ambamo baba yake alitafuta kura mwaka 1974 na hakupata nafasi ya kupigiwa hata moja.