Erasmus: msomi aliyeugua bwenini Paris, akapata nafuu Anderlecht

Kituo cha mwisho cha metro nambari 5 upande wa Anderlecht, kusini-magharibi mwa Brussels, kinaitwa Erasme. Hapo ipo hospitali ya chuo kikuu iliyofunguliwa mwaka 1977, pamoja na kitivo kinachofunza madaktari.

Mwenye jina hilo, Desiderius Erasmus, hakuwa tabibu. Alikuwa mwanazuoni ambaye maisha ya uanafunzi nusura yamwangamize.

Alizaliwa Rotterdam, Uholanzi, katika miaka ya 1460, mtoto wa nje ya ndoa wa padri na binti wa tabibu. Wazazi wake wote wawili walikufa kwa tauni angali kijana, na walezi wakamsukuma kwenye utawa.

Mwaka 1495 alikwenda Paris kusomea teolojia, akaishi katika bweni la Montaigu. Mkuu wake, Jan Standonck, aliamini kwamba njaa na baridi humjenga mwanafunzi. Vijana walilishwa mayai yaliyooza, wakalala katika vyumba vyenye unyevunyevu karibu na vyoo, na waliokosea walichapwa. Erasmus aliugua, akaondoka mwaka uliofuata. Afya yake haikutengemaa tena sawasawa.

Mwaka 1526 alisimulia katika maandishi yake jinsi vijana wenye vipaji walivyofia humo, au kupofuka, au kurukwa na akili. Hata hivyo alimtendea haki Standonck: nia yake ilikuwa njema, ila alipungukiwa na busara. Bweni hilohilo lilipitiwa baadaye na Jean Calvin na Ignatius Loyola, na watetezi wa shule kali hupenda kuwataja wa namna hiyo. Waliozikwa njiani hawatajwi.

Akiwa bado Paris alijikimu kwa kufundisha. Mnamo 1497 alimshauri kijana mmoja aache kukesha na vitabu, kwa kuwa mkesha huudhuru mwili na kuzima akili. Asome asubuhi, na baada ya chakula atembee kidogo. Katika kitabu chake cha mwaka 1529 kuhusu malezi aliwashutumu vikali walimu wa viboko.

Tiba yenyewe aliiheshimu. Mwaka 1518 alichapisha hotuba ya kuisifu, na mwaka 1526 alitafsiri kwa Kilatini baadhi ya maandishi ya Galen, ingawa matabibu wa zama zake hawakumponya maradhi ya mawe kwenye figo.

Mwaka 1521 alikuwa Louvain, ambako wanateolojia walimshuku kuwa upande wa Martin Luther. Alihamia Anderlecht, wakati huo kijiji, nyumbani kwa kasisi Pieter Wijchmans. Katika miezi mitano hivi ya hewa ya shamba alipata nafuu, na kalamu yake haikulala. Nyumba hiyo ni makumbusho tangu mwaka 1932.

Mwishoni mwa Oktoba alielekea Basel, Uswisi, wala hakurejea tena. Alifariki huko Julai 1536 baada ya kuugua tumbo la kuhara damu.

Katika wosia wake aliacha fedha kwa ajili ya wazee na wagonjwa, mahari ya mabinti maskini, na karo za vijana wasio na uwezo. Rafiki yake, mwanasheria Bonifacius Amerbach, ndiye aliyezisimamia.