Sir Archibald McIndoe, Tabibu wa Ngozi na Haya

Msomaji, huduma ya madaktari wa ndege iliyoasisiwa Afrika Mashariki mwaka 1957, ambayo leo ni AMREF, ina baba watatu: Michael Wood, Tom Rees na Sir Archibald McIndoe. Huyu wa tatu alizaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1900, akafariki London mwaka 1960.

Tangu 1939, huko East Grinstead, Uingereza, aliwatengeneza upya nyuso marubani walioungua vitani. Alihamisha ngozi pamoja na damu yake, bila kuikata mzizi. Tena hakuwaficha, aliwaachia watembee mjini, watu wawazoee, kwani alijua aibu nayo ni jeraha.

Kanuni hiyo ya ngozi humfaa leo mgonjwa wa Migori au Homa Bay mwenye usaha sugu juu ya mfereji wa matako, palipozama vinywele. Jeraha likishonwa kati kwa kati, maradhi hurudi mara nyingi zaidi. Mtindo wa Limberg wa Leningrad hujaza shimo kwa kipande cha ngozi chenye umbo la kashata. Wa Karydakis wa Ugiriki huuvuta mshono kando.

Lakini wengi huona haya, wakaficha maradhi hadi kilio kiwaumbue. Hao funzo la McIndoe linalowafaa kwanza ni lile la pili: kujitokeza.